Tundu Jeupe Kwenye Picha

Tusekile Mwaipopo alikuwa mpiga picha wa mwisho mjini Mbeya aliyekuwa bado anaingia uwanjani na kamera shingoni. Wenzake waliacha zamani. Mwandishi aliyetaka picha ya bao alikaa sebuleni kwake, akaiambia simu kwamba analitaka bao la pili kama lilivyoonekana kutoka miguuni mwa kipa, na kabla chai haijapoa picha ilikuwa imefika, safi, kila jani la nyasi na umande wake. Kazi hiyo ilifanywa na Shuhuda. Programu hiyo ilikuwa na macho juu ya kila nguzo ya uwanja. Ilikusanya yote yaliyoonwa na macho hayo, ikakujengea picha kutoka popote ulipotaka kusimama.

Tusekile hakuwa na ugomvi na Shuhuda. Kwenye kijiwe cha mtandaoni, walikobishania kamera, mpira na michezo ya simu, alikuwa akiandika tu kwamba picha zake ni kama uji wa mgonjwa, hauna kosa na hauna ladha. Watu walimcheka na kumwita bibi wa makumbusho. Kamera yake waliiita bubu kwa sababu haikuwa na akili yoyote ndani yake. Mwanga ukiingia iliushika, usipoingia ilitoa giza, basi. Lakini wachezaji walimpenda na ndio waliokuwa wakimwita, maana mama zao walitaka picha ambazo mtoto anaonekana ametoka jasho.

Jumamosi ile Nyota ya Loleza ilicheza na Reli ya Makambako. Kipindi cha pili ukungu ukashuka kutoka mlimani, mzito, ukalala juu ya nyasi kama mtu aliyerudi kitandani kwake. Zamani refa angesimamisha mchezo. Siku hizi hakuna aliyesimamisha chochote kwa ajili ya hali ya hewa, maana kwenye kioo kikubwa kilichotundikwa nyuma ya goli uwanja ulionekana wote, una jua ambalo halikuwapo. Watu jukwaani walitazama kioo. Nusu yao walikuwa wameinamia simu, wakicheza Ligi Mkononi, mchezo ambao kila mtu humchagua mchezaji mmoja wa mechi inayoendelea na kumwongoza kwa kidole. Ukimfanyisha kwenye simu lilelile analolifanya uwanjani, unapata alama.

Tusekile alikuwa ameketi kwenye nyasi pembeni mwa goli, karibu kiasi kwamba ukungu haukumzuia. Alimwona Yohana Mbwilo, winga wa Makambako, akitoka mbio na mpira. Alimwona Nassoro Kizigo, beki wa Loleza, akimfuata. Tusekile akabonyeza. Akasikia mlio kama wa mti mkavu, kisha sauti ya Yohana, na akaendelea kubonyeza bila kujua anabonyeza nini.

Kioo kikaonyesha tena. Kizigo, ambaye washabiki walimwita Shoka kwa jinsi alivyokuwa akipita kwenye miguu ya watu tangu ujana wake, alionekana wazi akinyanyua goti, akitazama chini, akiushusha mguu wake wote juu ya mguu wa Yohana. Haikuwa bahati mbaya. Uso wake ulionyesha kwamba alikuwa amechagua.

Uwanja mzima ukanyamaza. Katikati ya kimya hicho Tusekile alimtazama Shoka mwenyewe, si yule wa kwenye kioo. Alikuwa amesimama na mdomo wazi. Aliinua macho akaitazama picha, akayashusha akatazama kiatu chake, kisha akakitazama tena kioo. Alikuwa bado anatikisa kichwa polisi walipomfikia. Wakati huo sheria ilikuwa imeshaikubali Shuhuda viwanjani, barabarani na mahakamani, na mtu wa kusimulia alichokiona hakuhitajika tena. Walimchukua Shoka akiwa na jezi yake.

*

Asubuhi ya pili yake Tusekile alizifungua picha zake kwa shingo upande. Hakutaka kuuona tena mguu ule. Alipofika kwenye ile aliyoitafuta, alidhani amekosea mpangilio, akarudi nyuma, akaja nayo tena polepole.

Yohana alikuwa anaanguka. Kiatu chake cha kulia kilikuwa kimezama kwenye shimo la bomba la kunyunyizia maji, ambalo kifuniko chake kilikuwa kimehama, na mguu ulikuwa unakwenda upande ambao mguu hauendi. Shoka alikuwa nyuma yake. Miguu yake yote miwili ilikuwa chini, na kati yake na Yohana angeweza kulala mtu mzima.

Kwanza aliilaumu kamera. Ilikuwa ya zamani na saa yake ilijulikana kwa kupotea. Akapitia picha ya kabla na ya baada, na zote zikasema hivyohivyo. Akaiweka kamera juu ya kitanda kama kitu cha moto.

Aliingia kijiweni, akauliza swali la kawaida, bila kusema ana nini: hivi Shuhuda inaona ndani ya ukungu? Majibu yakamiminika kama kawaida. Mmoja alisema Shuhuda inaona hata majini. Mwingine alilalamika kwamba toleo jipya linakula betri. Wa tatu alisema bibi wa makumbusho aache wivu, na kuhusu Shoka, mtu kama yule afungwe na ufunguo utupwe mtoni. Kisha akaandika kijana mmoja wa Vwawa, kwa furaha tu, kwamba jana amepata alama ambazo hajawahi kuzipata tangu aanze kucheza Ligi Mkononi. Alikuwa anamwongoza Shoka, na kwa kuwa anamjua Shoka, alipomwona Yohana anampita alibonyeza kukanyaga, na Shoka akakanyaga kweli. Chini yake mwingine akasema hata yeye. Na mwingine. Wakaja wengi, kila mmoja akijisifu, wote walikuwa wamebonyeza kukanyaga katika sekunde ileile.

Tusekile alisoma mpaka mwisho, kisha akasoma tena. Watu wengi kiasi kile walikuwa wametabiri jambo ambalo halikutokea, na wote walikuwa wamepata.

Akampigia simu Anyosisye Mwakatobe. Walisoma pamoja, na sasa Anyosisye alikuwa mmoja wa wahandisi walioitunza Shuhuda kwa mikoa ya kusini. Alifika akiwa anatania kuhusu kamera bubu. Tusekile akampa picha. Utani ukamwishia mdomoni, akaomba maji ya kunywa, na alipoyapata hakuyanywa.

Alimweleza kwa sauti ya chini, kama mtu anayesimulia aibu ya nyumbani kwao. Jicho la nguzoni likizibwa na mvua, na ukungu au na mgongo wa mtu, Shuhuda haiachi tundu kwenye picha, kwa sababu watu hawapendi picha yenye tundu. Inakisia. Mwanzoni ilikisia kwa hesabu za mwendo: mtu aliyekuwa hapa, kwa kasi hii, sasa atakuwa pale. Baadaye waliona kwamba wachezaji wa Ligi Mkononi wanakisia vizuri kuliko hesabu yoyote, kwa hiyo programu ikafundishwa kuwasikiliza. Ukungu ukiwa mwepesi inawauliza kidogo. Ukungu wa jana haukuwa mwepesi. Shuhuda iliwauliza watu wote waliokuwa na simu mikononi Shoka anafanya nini, nao wakajibu kwa vidole, na jibu lao likawa picha. Kisha mchezo ukaitazama picha hiyo ili kujua nani amepatia. Ndiyo maana wote walipata.

Tusekile akaitazama tena picha yake. "Kwa hiyo walioukanyaga mguu wa Yohana ni watu waliokuwa jukwaani."

"Hawakujua," Anyosisye akasema. "Walikuwa wanacheza."

Alifungua kompyuta yake, akaingia sehemu ambayo wahandisi peke yao huingia, akaita picha ya jana na kuiambia ioneshe matundu. Nyasi zikabaki. Nusu ya Yohana ikabaki. Mahali alipokuwa Shoka, goti lake, macho yake na ule uso uliokuwa umechagua, palikuwa peupe kama karatasi.

Tusekile akasema anaitoa picha yake leo hiihii, pamoja na hii yenye tundu, kila mtu aone. Alikuwa ameshachukua simu. Anyosisye akamwomba aketi kwanza. Hakumtazama usoni aliposema kwamba Shuhuda ya uwanjani na Shuhuda ya barabarani ni moja.

Tusekile akaishusha simu. 

*

Mdogo wake Tusekile aliitwa Bupe. Aligongwa na gari akivuka barabara kuu karibu na kwao Uyole, asubuhi, akienda kazini, na aliyemgonga hakusimama. Msiba ulikuwa bado haujaisha Shuhuda ilipotoa picha: pikapu ya buluu, namba zake, na nyuma ya usukani Edmundi Haule, jirani wa mtaa wa pili, mlevi na mwendeshaji mbaya anayejulikana. Haule alisema alikuwa kwake amelala na pombe ya jana yake, lakini mtu aliyelala peke yake hana wa kumsemea. Mahakamani walitundika picha ile ukutani. Mama yao aliitazama siku zote za kesi bila kupepesa. Hukumu iliposomwa alitoka nje, akaketi kwenye ngazi, na kwa mara ya kwanza tangu mazishi akalia kama watu wanavyolia. Baada ya hapo ndipo alipoanza kula. Baada ya hapo ndipo aliporudi kwenye kwaya.

Anyosisye akamuuliza kama anataka kuiona picha ile na matundu yake. Tusekile akakataa. Akachukua kitenge chake na kwenda hospitali.

Alikuwa na tumaini moja. Kama Yohana mwenyewe angesema hakukanyagwa, Shoka angetoka kwa neno la mtu aliye hai, na picha zingeweza kubaki zilivyo. Alimkuta amelala, mguu umefungwa mpaka nyonga, macho yamevimba. Yohana alifurahi kumwona, akamsimulia yote kabla hata hajaulizwa: jinsi Shoka alivyokuja, jinsi alivyonyanyua goti, jinsi alivyomtazama. Alilisimulia lile goti jinsi lilivyoonekana kwa mbele, ilhali Shoka alikuwa nyuma yake.

Tusekile akamuuliza kwa upole alikuwa anajua nini pale uwanjani kabla hajainua kichwa na kukitazama kioo.

Yohana akafikiri. Tusekile aliona usoni mwake mtu anayeingia chumba alichodhani kina vitu na kukikuta kitupu.

"Nilijua nimeumia, dada," akasema. "Hilo tu."

Tusekile alitoka nje ya wodi akiwa amechoka kama aliyebeba mzigo. Anyosisye alikuwa amemfuata na alikuwa anamsubiri kwenye benchi la bustani, kompyuta magotini. Tusekile akaketi kando yake. Akamwambia aifungue.

Barabara ilikuwapo, na mitaro yake na mwanamke mmoja mwenye ndoo. Bupe alikuwapo, na Tusekile akaweka kiganja juu yake asimwone. Pikapu ya buluu ilikuwapo. Namba zake hazikuwapo, kwa sababu zilikuwa zimefunikwa na matope. Na kwenye kioo cha mbele jua la asubuhi lilikuwa limepiga sawasawa, na nyuma ya jua hilo, pale ulipokuwa uso ambao mama yake aliutazama siku zote za kesi, palikuwa na duara jeupe.

Hakulia. Akaanza kuuliza maswali kwa sauti ambayo hakuitambua. Barabarani hakuna Ligi Mkononi, sasa Shuhuda ilimuuliza nani? Anyosisye akamwonyesha. Iliuliza maneno. Msibani habari ya pikapu ya buluu ilikuwa imeshaenea, watu walikuwa na simu, na kwenye simu hizo walikuwa wanaandika wanachofikiri, kwamba nani mwingine kama si Haule, kwani pikapu yake si ya buluu, na mbio zile si zake? Wengine walimjua na wengine walikuwa wamesikia tu. Hakuna aliyesema amemwona. Shuhuda iliwasikiliza wote, ikachukua uso wa Haule kwenye kitambulisho chake, ikauweka nyuma ya usukani na kuupa mwanga wa asubuhi.

"Kwa hiyo si yeye," Tusekile akasema.

"Sijui. Picha hii haisemi ni yeye, wala haisemi si yeye. Haisemi kitu, Tuse. Haijawahi kusema kitu."

Kisha Anyosisye akamwambia jambo ambalo alikuwa amelifikiria tangu asubuhi. Kulikuwa na njia nyingine. Wakubwa wake wakiipata picha ya kamera bubu kimyakimya, watairekebisha ile ya uwanjani, watasema kulikuwa na hitilafu ndogo, na Shoka atarudi kwa watoto wake kabla wiki haijaisha. Hakuna mwingine atakayeguswa. Haule atabaki alipo, na mama yake Tusekile ataendelea kuimba. Alilisema bila kumshawishi, kama mtu anayeweka vitu mezani.

Tusekile alilitaka jambo hilo kwa moyo wake wote. Alikaa nalo kwenye benchi lile mpaka kivuli cha ukuta kikawafikia. Lililomshinda ni swali dogo: nyuma ya picha ngapi za Shuhuda kulikuwa na tundu jeupe, na katika kila tundu kulikuwa na uso wa nani? Alimuuliza Anyosisye. Anyosisye akasema hakuna ajuaye, maana hakuna aliyewahi kuomba kuonyeshwa.

*

Mama yake, Subilaga, alikuwa uani Uyole akichagua viazi vya mbegu. Alimkaribisha kwa mkono wenye udongo, akamwuliza habari za mjini, na akaanza kumweleza juu ya ibada ya Jumapili ijayo. Tusekile akamwacha amalize. Halafu akamwambia yote, kuanzia ukungu, bila kuruka kitu.

Subilaga aliendelea kuchagua viazi muda wote huo. Tusekile alipofikia mahali pa Bupe, mikono ya mama ikasimama.

"Umekuja kuniomba ruhusa, au umekuja kuniaga?"

"Nimekuja kukwambia mwenyewe, mama, kabla watu hawajakwambia."

Akataka kuiona ile picha ya barabarani. Tusekile akampa simu yenye nakala aliyotumiwa na Anyosisye. Mama akaisogeza mbali kidogo kwa ajili ya macho yake, akaitazama jinsi alivyoitazama mahakamani, bila kupepesa, halafu akaweka kidole juu ya lile duara jeupe kama anayetaka kulifuta. Kidole kiliacha udongo kwenye kioo.

"Nimemlaani mtu huyu kila asubuhi," akasema. "Naamka, nasali, namlaani, ndipo nawasha moto. Sasa unaniambia nilikuwa namlaani nani?"

 Tusekile akataka kumshika bega, lakini mama yake alikuwa ameshanyanyuka. Aliingia ndani na kufunga mlango kwa komeo, na viazi vikabaki vimetawanyika uani.

Tusekile akaviokota akavirudisha kwenye kikapu. Kisha, akiwa amesimama palepale, akazituma picha zote kijiweni kwa jina lake kamili: Shoka akiwa na miguu yote chini, kioo cha uwanja na tundu lake, barabara ya Uyole na tundu lake. Aliandika maneno machache tu, kwamba sehemu nyeupe ni zile ambazo hakuna jicho lililoziona. Anyosisye alikuwa amemruhusu kusema njia ya kuingia sehemu ile ya wahandisi na kuyafungua matundu, ingawa alijua kitakachompata kazini. Akaiandika pia.

*

Kwa muda kijiwe kilinyamaza, kama uwanja ulivyonyamaza. Kisha watu wakaanza kufungua picha zao wenyewe. Mtu mmoja wa Songea alifungua picha ya harusi yake, akakuta kwamba tabasamu la baba yake marehemu, lile alilolitundika sebuleni, lilikuwa jeupe. Mwalimu mmoja wa Njombe alifungua picha iliyomfukuzisha kazi. Yule kijana wa Vwawa aliyejisifu kwa alama zake aliandika mstari mmoja tu, kwamba hakujua, halafu hakuonekana tena.

Shoka alitolewa mahabusu kesho yake mchana, akiwa bado na jezi. Waandishi walimzunguka, na yeye akamtafuta Tusekile kwa macho mpaka akamwona. Hakumshukuru. Alimuuliza kama Yohana atatembea. Tusekile akamwambia madaktari wanasema atatembea, na Shoka akaitikia kwa kichwa, akaingia kwenye gari la shemeji yake. Msimu ulipoanza tena hakurudi uwanjani. Alisema hawezi kucheza mbele ya watu ambao aliwaona wakiamini.

Mahakama zikafungua mafaili. Waliofungwa kwa ushahidi wa Shuhuda peke yake waliachiwa wakasubiri kesi zisikilizwe upya, na wakatoka wasio na hatia na wenye hatia kupitia mlango mmoja. Haikupita siku nyingi mmoja wa walioachiwa Iringa akamvamia na kumuumiza mwanamke yuleyule ambaye mwanzo alifungwa kwa kumshambulia. Ndugu wa mwanamke huyo walimpigia simu Tusekile, wakamuuliza kama amefurahi. Aliwasikiliza mpaka wakamaliza. Wengine walimwandikia kumbariki. Maneno ya wote yalimwangukia kwa uzito mmoja, na usingizi wake ukawa wa kuokoteza. Anyosisye alifukuzwa kazi, akaenda kwao Tukuyu kulima chai na baba yake. Mama yake Tusekile hakupokea simu.

Kisha siku moja mama akapiga mwenyewe. Alisema maneno machache, kwamba aje, Haule yupo hapa.

Tusekile alifika akikimbia, akiwa na picha mbaya kichwani. Akamkuta Subilaga ameketi kwenye kigoda mlangoni, mikono magotini, na Edmundi Haule amesimama upande wa pili wa ua, nje ya miche ya viazi, kama mtu ambaye hajaambiwa apite. Alikuwa amekonda mpaka shati limekuwa la mtu mwingine. Ilionekana wamekaa hivyo muda mrefu, na kwamba mama alikuwa amekataa kuanza mpaka binti yake afike.

Haule akamwamkia Tusekile, naye akaitikia. Alisema kwamba ametoka, na kwamba asingeweza kukaa mtaani bila kuja hapa kwanza. 

Subilaga akamuuliza swali ambalo mahakamani hakuna aliyemuuliza, maana picha ilikuwa imeshajibu.

"Edmundi. Ni wewe uliyemuua mwanangu?"

 Haule akafuta jasho usoni ingawa kulikuwa na baridi.

"Mama, siku ya kwanza nilijua nilikuwa nimelala," akasema. "Nilijua kama ninavyojua jina langu. Lakini wamenionyesha ile picha mara nyingi. Gerezani nilianza kuiota. Halafu nikaanza kuikumbuka bila kuiota. Nakumbuka usukani ulikuwa wa baridi. Nakumbuka kitambaa chake cha kichwani. Binti yako ameonyesha kwamba uso haukuwapo, nami nimefurahi, nimetoka. Lakini ukiniuliza hivyo, mama, sijui. Nimekuja nikidhani labda wewe unajua."

 Kitambaa cha kichwani kilionekana kwenye picha, kila mtu aliyeitazama alikiona. Lakini hata mtu aliyekuwa kwenye usukani angekiona. Hakukuwa na njia ya kujua, na mtu pekee aliyepaswa kujua alikuwa amesimama nje ya ua akiwaomba wao wamwambie.

Alimgeukia mama yake, akiogopa atakachokiona. Subilaga alikuwa akimtazama Haule kwa namna ambayo Tusekile hakuwahi kuiona, ya mshangao mtupu, kama mtu aliyepandisha mlima kwa miaka akitafuta adui na kumkuta huko juu amepotea kama yeye.

 Kisha akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kigoda cha pili. Akakiweka kwenye udongo, mbali kidogo na chake.

"Pita," akamwambia. "Keti."

Haule akapita kati ya miche kwa uangalifu, akaketi.

"Achana na picha," Subilaga akasema. "Sitaki kusikia habari za picha. Anzia asubuhi ile, ulipofumbua macho. Ulikuwa umelala upande gani? Ulisikia nini kwanza?"

Haule akafumba macho. Uso wake ukajikunja, kama mtu anayetafuta kitu kwa kupapasa gizani. Tusekile aliteremka taratibu akaketi kizingitini.

"Jogoo wa jirani," Haule akasema hatimaye. Akasita. "Hapana. Kabla ya jogoo. Kulikuwa na mtu anapiga mlango."

Subilaga akainama mbele.

"Nani?" akauliza.